Benchi la Watu Wawili

Kila asubuhi, kabla sijamaliza kuondoa turubai kwenye mbao zangu, Chiriku alikuwa keshafika. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita, mwembamba, na gunia mkononi la kukusanyia maranda, yale maganda mepesi ya mbao yanayotoka kwenye randa. Huko nyumbani kwao waliyatumia kuwashia moto. Jina lake la shuleni waliliita walimu tu wakati wa mahudhurio. Mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Shikamoo, Babu Fundi."

"Marahaba. Chukua maranda uende, utachelewa shule."

"Babu, hizi duara nyeusi kwenye mbao ni nini?"

"Ni mafundo. Hapo palikuwa na tawi."

"Tawi likikatwa, mti unaumia?"

"Chiriku!"

"Nauliza tu, babu. Mwalimu ametuambia tuulize maswali."

"Amewaambia mumuulize yeye. Hakusema mje kunimaliza mimi."

Alicheka, akajaza gunia, akaenda zake. Jioni alirudi na rafiki yake, msichana mmoja mnene tuliyemwita Toroli kwa sababu hajui kupita bila kumsukuma mtu. Wawili hao waliruka kamba mbele ya karakana yangu huku wakiimba namba. Na namba zenyewe, sasa! "Nne, tisa, tisa, sifuri, moja, saba..." Ukisikia unaweza kudhani wamelewa.

"Hii ni shule ya wapi?" nikawapigia kelele siku moja. "Darasa la sita hamjui kwamba baada ya nne ni tano? Hao wakubwa wa elimu wanafanya nini huko ofisini, kunywa chai tu?"

Toroli akacheka mpaka akakanyaga kamba. Chiriku hakucheka. "Umenikosesha," alimwambia mwenzake. "Turudie mwanzo. Nisije nikasahau."

Sikuelewa ni nini asichotaka kukisahau, na wala sikuuliza. Mimi shule niliiacha darasa la nne, mambo ya hesabu niliwaachia wenyewe.

Halafu Chiriku akanyamaza. Kwanza alipunguza maswali. Baadaye ikabaki salamu peke yake. Mwisho akawa anakuja, anainama taratibu sana kuchota maranda, na kuondoka. Karakana ikawa kimya hata randa yangu ikaonekana kupiga kelele kuliko zamani.

Asubuhi moja mwalimu wa darasa lao akatuma mtu kuniita. Shule yetu ilikuwa haijaletewa madeski mapya tangu enzi nisizozikumbuka, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikiyaunga yale ya zamani.

"Fundi," mwalimu aliniambia mbele ya watoto wote, "deski lako linamchoma huyu mtoto. Siku hizi anaandika amesimama. Njoo utoe misumari yako."

Niliudhika, sikufichi. Kazi yangu inaweza kukosa rangi lakini haiachi msumari nje. Nikalipindua lile deski, nikapitisha kiganja juu, pembeni, chini. Nikapitisha tena. Mwisho nikalikalia mwenyewe na suruali yangu ya kazini iliyochakaa, nikajisogeza huku na huku. Kama pangekuwa na hata kibanzi, ile suruali ingechanika. Darasa zima likaangua kicheko.

"Deski ni zima, mwalimu."

"Basi ni utundu wake tu."

Chiriku alikuwa amesimama kando ya dirisha, daftari limewekwa kwenye kizingiti cha dirisha. Hakugeuka. Toroli, ambaye hajui kunong'ona, akasema: "Mwalimu, siyo deski. Hata nyumbani kwetu alikataa kukaa kwenye kochi. Na kochi letu lina mito!"

Darasa likacheka tena, lakini mimi sikucheka, na mwalimu naye nikamwona amebadilika uso. Akanivuta nje mlangoni.

"Mwalimu, ulizia nyumbani kwao," nikamwambia.

"Fundi, unajua anaishi kwa nani? Kwa Katibu. Na Katibu yumo kwenye kamati ya shule. Mimi nina mwaka mmoja tu kazini." Akatazama viatu vyake. "Labda ni vipele."

Vipele! Nikaondoka pale nikiongea peke yangu njia nzima.

Katibu wa mtaa alikuwa baba mdogo wa Chiriku, mdogo wake marehemu baba yake. Mama yake Chiriku alikwenda kufanya kazi kiwandani, mji wa mbali, akamwacha mtoto kwa shemeji yake ili asome. Kila mtu alimheshimu Katibu. Hukosi kumwona msibani, hukosi kumwona mkutanoni, na Siku ya Watoto ndiye aliyesoma hotuba, akapigiwa makofi. Kitambaa cha jasho mkononi, shati limenyooka. Nani angemgusa?

Nyumbani kwangu nilimkuta binti yangu akishona sare za shule. Binti huyu sikumzaa. Alikuja kwetu akiwa na umri kama wa Chiriku, akaletwa na marehemu mke wangu akimshika mkono. Sasa ni mtu mzima. Anashona, na siku nyingine anafunga cherehani na kwenda kukaa na watoto wanaosubiri kusikilizwa kwenye Ofisi ya Watoto. Hakuna aliyemwajiri. Watu wa huko walimpa jina la Bi Katikati, na utaona kwa nini.

Nikamwambia habari ya deski. Akakata uzi kwa meno.

"Baba, hukumuuliza kitu mtoto?"

"Ningemuuliza nini mbele ya darasa zima?"

"Vizuri. Akija leo, mpe msasa. Na wewe jifanye una kazi."

Jioni Chiriku alipokuja kuchota maranda, nilimpa kipande cha msasa nikamwomba anisaidie kulainisha meza ndogo iliyokuwa juu ya ubao mrefu, mahali ambapo mtu hufanya kazi amesimama. Binti yangu akashika msasa mwingine upande wa pili. Toroli alikuwa nje na kamba yake. Mimi nikaingia nyuma ya kabati nililokuwa nalipiga rangi. Wakasugua, wakasugua.

"Mimi nilipokuwa mdogo kama wewe," Bi Katikati akasema, bila kuinua macho, "nilikuwa nalala kifudifudi. Watu wakiniuliza, nasema napenda kulala hivyo."

Msasa wa Chiriku ukasimama.

"Na wewe unapenda kusimama?"

"Sipendi," Chiriku akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Binti yangu akaendelea kusugua. Hakumrukia kwa maswali. Akangoja.

"Dada, nikikwambia utamwambia mtu?"

"Siwezi kukuahidi kwamba nitanyamaza. Nikikuahidi hivyo nitakuwa nakudanganya. Ninachokuahidi ni kwamba sitafanya jambo lolote kabla sijakuambia wewe kwanza. Na babu yuko hapo nyuma ya kabati, anasikia, nisikufiche hilo pia."

"Najua. Nimeiona miguu yake."

Basi akaeleza. Baba mdogo alikuwa akimchapa kwa waya wa umeme. Maji yakimwagika, waya. Akichelewa kurudi, waya. Akicheka kwa sauti, waya. Mama mdogo alikuwa akitoka nje na kukaa uani, kwa sababu na yeye alikuwa akimwogopa mumewe. Mkono wangu ulikuwa umeshika brashi na rangi ikawa inanidondokea kwenye kiatu.

"Mama yako anajua?" Bi Katikati akauliza.

Hapo ndipo Chiriku alipolia. "Mama ndiye amesema. Baba mdogo anasema mama amemwagiza aninyooshe. Eti kila Jumapili mama akipiga simu anamuuliza, umeshamnyoosha?"

"Wewe umemsikia mama akisema hivyo kwa masikio yako?"

"Hapana. Baba mdogo huongea kwanza, kule nje. Halafu ananipa simu na anasimama hapo hapo. Mama ananiuliza kama niko salama, nasema ndiyo." Akajifuta kwa kiganja chenye vumbi la mbao. "Amesema nikimwambia mtu yeyote, atazima simu, na mama hatanipata tena maisha. Dada, sina mama mwingine."

Binti yangu akaweka msasa chini. "Kuna ofisi ambayo kazi yake ni kumzuia mtu mzima kumpiga mtoto hivyo. Nataka twende huko sasa hivi, kabla hawajafunga. Nitakaa na wewe mwanzo mpaka mwisho. Unakubali?"

Chiriku akageuka. Akatazama nje, Toroli alikokuwa akiruka peke yake.

"Toroli naye aje," akasema.

Sasa nieleze habari ya ile ofisi, maana ndipo roho yangu inapochafuka. Ofisi ya Watoto ina ukumbi mwembamba, na kwenye ukumbi kuna benchi moja. Moja tu. Mtoto aliyepigwa na mtu aliyempiga wanakaa juu ya benchi hilo hilo, bega kwa bega, wakisubiri kuitwa. Na utaratibu wao unasema mtoto asisikilizwe mpaka mlezi wake aitwe. Mlezi ndiye anayempiga, lakini aitwe! Kisha akae na mtoto pale ukumbini, amnong'oneze sikioni muda anaoutaka, wakiingia ndani mtoto anasema nilianguka. Ofisa anashukuru, shauri limekwisha, kila mtu anakwenda kula. Nani aliyekaa akafikiri jambo hili akaliona la akili? Na mshahara analipwa!

Askari wa mlangoni alipotuona akacheka. "Bi Katikati! Umekuja tena? Wewe utahamia huku na kitanda."

"Nikihamia utanipisha kiti chako?"

"Kiti changu chenyewe mguu mmoja mbovu. Labda mzee wako akitengeneze kwanza."

Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mtu aliyechoka na ambaye siku zote amefanya hivyo hivyo. Alisikia nusu ya maneno yetu, akainua simu.

"Katibu? Samahani kukusumbua, mheshimiwa. Pita hapa mara moja, kuna mambo madogo ya mtoto wako."

Mambo madogo! Binti yangu akanikanyaga kiatu kabla sijafungua mdomo.

Katibu alifika na shati lake lililonyooka. Akasalimia kila mtu, akamuuliza askari hali ya mwanawe, akanipa hata mimi mkono. Kisha akaketi benchini na kupigapiga ubao kwa kiganja.

"Njoo ukae hapa, mwanangu."

Chiriku alikuwa ameegemea ukuta wa mbele, Toroli kamshika mkono. Hakusogea. Bi Katikati akaenda akaketi pale pale Katibu alipokuwa akipigapiga, ikabidi avute mkono haraka.

"Mama, hapa ni pa wahusika," Katibu akasema.

"Nami nahusika."

"Wewe ni nani wa mtoto huyu?"

"Mimi ndiye ninayekaa katikati."

Katibu akainama mbele ili amwone Chiriku. Bi Katikati naye akainama mbele. Katibu akaegemea nyuma. Bi Katikati akaegemea nyuma. Askari akageuza uso akikohoa, lakini nilijua anacheka. Mwisho Katibu akaamua kusema kwa sauti, kwa upole kabisa, kila mtu asikie.

"Mwanangu, mama yako atapiga Jumapili. Sijui kama simu yangu itakuwa na chaji."

Asiyejua angedhani ni maneno ya kawaida. Chiriku uso wake ukawa wa majivu.

Mlango ukafunguliwa. "Ingieni wote," Ofisa akasema.

"Mtoto kwanza," Bi Katikati akajibu. "Mlezi abaki nje."

"Unaujua utaratibu wetu. Kila mara tunarudia haya haya."

"Naujua kuliko wewe, ofisa. Mimi nilikaa kwenye benchi hili hili nikiwa na umri wa huyu. Baba yangu wa kambo alikaa kushoto kwangu. Hakuninong'oneza hata neno. Aliweka kiatu chake juu ya vidole vyangu vya mguu, na akakiacha hapo mpaka tukaitwa. Ndani nikasema nilianguka kwenye ngazi. Ofisa wa siku hizo akaandika, akasema pole, uwe mwangalifu. Kisha akanirudisha nyumbani naye." Akagusa ubao wa benchi. "Nyumba yetu ilikuwa ya chumba kimoja. Ngazi ingetoka wapi?"

Mimi nilitazama dari. Siku hiyo mke wangu alikuwa kwenye ukumbi ule kwa shida zake nyingine. Alikuwa jirani yao, alisikia habari ya ngazi kupitia mlangoni. Alirudi pale siku baada ya siku, wakimfukuza anarudi, mpaka wakachoka naye, wakampa mtoto ili awaondokee. Mwanamke yule ofisi nzima haikumshinda. Kilichokuja kumshinda ni foleni ya hospitali, siku ambayo madaktari wote walikuwa mkutanoni. Haya, tuyaache.

"Hayo ni ya zamani," Ofisa akasema, lakini sauti haikuwa ile ya mwanzo.

"Benchi halijabadilika."

Ofisa akahema. "Ingieni." Tukaingia, Katibu nyuma yetu. "Mtoto, kaa kwenye kiti tuanze. Umeanguka, siyo?"

"Usimpe jibu, ofisa," Bi Katikati akasema. "Muulize swali."

Chiriku alisimama mbele ya kiti.

"Kaa basi, mtoto," Ofisa akarudia.

"Kaa, mwanangu," Katibu akasema nyuma yake, taratibu, akitabasamu.

Na Chiriku akakaa. Aliizoea sauti ile, ilipomwambia kitu mwili wake ulitii kabla yeye hajaamua. Akakaa, na papo hapo akainuka. Hakupiga kelele. Alikuwa ameuma mdomo, na machozi yalikuwa yakishuka yenyewe, mashavu yote mawili.

Ofisa akainua miwani kutoka kifuani akaivaa. Akamtazama mtoto. Akakitazama kile kiti, mto wake laini wa sponji. Kisha akamtazama Katibu muda mrefu, na lile tabasamu likakosa mahali pa kukaa.

"Katibu, tafadhali toka nje."

"Mimi ni mlezi wake kwa mujibu wa..."

"Toka nje. Askari! Kaa naye. Asiondoke."

Mlango ukafungwa. Ofisa akasogeza kiti pembeni na yeye mwenyewe akasimama, ili wawe sawa. Kwa hilo nilimpa sifa yake.

"Sasa nakuuliza vizuri. Kumetokea nini?"

Chiriku akamtazama Bi Katikati. "Nikisema, mama je?"

"Tumpigie mama kwanza," Bi Katikati akamwambia Ofisa. "Anaamini mama yake ndiye aliyeagiza apigwe. Hawezi kusema kitu akiwa na hilo moyoni."

"Sawa. Namba tutaichukua kwa Katibu."

Nikajipiga kofi la paji la uso.

"Naijua," Chiriku akasema. "Huwa naiona kwenye kioo cha simu kabla hajapokea. Ni nne, tisa... nne, tisa, sifuri..." Akafumba macho. "Nimeisahau. Nimeisahau! Nilikuwa naijua!"

Na hapo yule Toroli, ambaye hakuna aliyemruhusu kuingia, akamsukuma askari mlangoni, akatusukuma na sisi, akachomoa kamba kwenye mkoba wake. Akaanza kuruka pale pale katikati ya ofisi ya serikali. Kamba ikapiga sakafu, pa, pa, pa.

"Nne, tisa, tisa!" akaimba. "Haya, Chiriku!"

"Nne, tisa, tisa," Chiriku akapokea, "sifuri, moja, saba..."

Sauti zao zikapanda pamoja. Faili moja likaanguka mezani. Ofisa akawa anabonyeza simu kwa kufuata mdundo wa kamba, na mimi, mzee mzima, nikasimama pale nikielewa kwa mara ya kwanza zile namba nilizokuwa nikizitukana kila jioni.

Simu ikaita. Ofisa akaiweka mezani, akaiachia sauti.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Mama, ni mimi."

"Mwanangu! Mbona leo siyo Jumapili? Hii namba ya nani? Kuna nini?"

"Mama." Chiriku akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Wewe ulimwambia baba mdogo aninyooshe?"

"Akunyooshe? Akunyooshe nini?"

"Anichape kwa waya."

Nilisikia mashine za kiwandani zikinguruma upande wa pili.

"Mimi?" mama akasema. "Niseme hivyo mimi? Mwanangu, kila Jumapili namuuliza umekula, umesoma, una viatu. Anasema uko salama. Na wewe mwenyewe unasema uko salama!"

"Alikuwa amesimama hapo, mama."

"Nakuja," mama akasema, na akaanza kulia. "Usirudi pale. Nasikia, sema yote. Niko hapa, sikati simu. Sema, mwanangu, sema."

Basi Chiriku akasema. Akasema mambo tuliyoyajua na tusiyoyajua, akarudi nyuma, akaruka mbele, akakumbuka jingine. Ofisa aliandika mpaka akautingisha mkono. Alipomaliza, aliita polisi, na muuguzi wa kituo cha afya jirani akaja kumtazama yule mtoto jioni hiyo hiyo. Usiku ule Chiriku alilala kwetu, kwa idhini ya ofisi, kitanda kile kile alicholala binti yangu zamani.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Wakubwa wana uvumilivu mkubwa wa kulindana. Kesho yake tu, watu wa kamati walikuja karakanani na viatu vyao vya kung'aa. "Fundi, haya ni ya ukoo, yamalizwe nyumbani." Binti yangu akawajibu kwamba nyumbani ndiko yalikofanyika. Kesi nayo iliahirishwa na kuahirishwa, leo faili halionekani, kesho hakimu yuko semina. Kila mara Bi Katikati alikwenda, akakaa katikati. Mama yake Chiriku alifika, akapanga chumba mtaa wetu, naye akawa anakwenda. Siku ya ushahidi hata mama mdogo alisimama akasema aliyoyasikia akiwa uani. Katibu alihukumiwa kifungo, na mtaa ukapata katibu mwingine. Tumwangalie na huyo.

Mwalimu wa darasa alikuja kwangu siku moja, akaomba radhi kwa habari ya misumari. Nilimwambia mimi simdai, amwombe radhi Chiriku. Akaenda, akamwomba mbele ya darasa.

Na benchi? Ofisa aliamua watoto wasikilizwe peke yao kwanza, kwenye chumba cha nyuma chenye mlango wake. Chumba kilikuwa kitupu. Nikatengeneza benchi jipya la mbao ngumu, nikalipiga msasa mpaka likateleza, tukalipeleka. Langoni tukazuiwa. Eti kifaa kisicho na namba ya serikali hakiingii ndani ya jengo. Namba hutolewa na mkuu, na mkuu yuko safarini.

Nilitaka kulipasua pale pale. Bi Katikati akaniambia, "Baba, lishushe hapa hapa." Tukaliweka katikati ya lango. Akaketi, na Chiriku akaketi kando yake. Ndiyo, aliketi, na mgongo ameunyoosha. Magari ya wakubwa yakaja, yakapiga honi, yakasubiri. Mimi nikapata furaha ambayo sikuwa nayo tangu mke wangu aondoke.

Toroli alikuja mbio kutoka shuleni akataka kujibana. Akasukuma kulia, akasukuma kushoto.

"Babu Fundi, umekosea vipimo! Benchi gani hili la watu wawili?"

"Sijakosea," nikamwambia. "Mtoto mmoja na mtu mmoja wa kumwamini. Wa tatu asimame."

Toroli akanuna, akasimama. Bi Katikati akamshika mkono.

"Usinune. Bila kamba yako hata hili benchi lisingekuwepo. Nisikilizeni nyote wawili, na mkawaambie wenzenu darasani. Mtu mzima akikuumiza, kosa ni lake, siyo lako. Akikuambia usimwambie mtu, jua hapo ndipo pa kusema. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Asipokusikia, mwambie mwingine, na mwingine, mpaka apatikane wa kukusikia. Mimi nilisema nilianguka, nikarudi kuumia tena. Chiriku alisema kweli. Na wewe, Toroli, ukiona rafiki yako amebadilika, fanya kama ulivyofanya, sema kwa sauti hata darasa likikucheka."

Ilipofika saa kumi namba ikapatikana. Sijui ilitoka wapi, mkuu mwenyewe alikuwa bado safarini.

Siku hizi Chiriku yupo karakanani asubuhi kabla ya shule, na jioni tena. Kwa nini gundi inanuka, kwa nini msumari una kichwa, nani alitengeneza randa ya kwanza, na tawi likikatwa, mti unaumia? Maswali mpaka masikio yanapiga kelele yenyewe. Juzi tu nilifungua mdomo nimwambie anyamaze. Nikaufunga tena, nikamwambia naam, mti unaumia, uliza jingine.